Kanisa Linaloenea Mezani



Mkulima anayetoa kilo za pamba yake ili nyumba ijengwe ana haki ya kuiona nyumba hiyo kabla haijasimama, na kusema neno juu yake wakati neno bado linaweza kubadili kitu. Hiyo ndiyo hoja ya tafakari yetu ya juma hili. Hatukuipata vitabuni. Tuliipata kwa kukaa miezi kadhaa karibu na vijana walioshika mbao, udongo na unga wa jasi, wakatengeneza kanisa lenye urefu wa sentimeta 40.

Wasomaji wetu walio mbali wangependa kujua tunazungumza tukiwa wapi. Bariadi ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa rasmi mwaka 2012 kwa kumega wilaya za Mkoa wa Shinyanga pamoja na Busega iliyokuwa upande wa Mwanza. Wilaya zake ni Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Wengi wa watu wake ni Wasukuma, wakulima wa pamba na wafugaji wa ng'ombe. Kwa muda mrefu majengo mengi ya jumuiya huku kwetu, yawe makanisa, madarasa au zahanati, yameanza na kitu kilichotoka mikononi mwao: tofali lililofyatuliwa, ndoo ya maji iliyobebwa kichwani, mchanga uliochotwa mtoni, au kilo kadhaa za pamba zilizotengwa wakati wa mauzo. Tunaposema hapa "fedha ya ujenzi", tunasema jasho la mtu tunayemjua kwa jina.

Kigango kimoja cha parokia yetu kimesali kwa miaka mingi katika kanisa la matofali ya udongo. Kuta zimepasuka, na mvua kubwa ikinyesha upande mmoja hauketiwi. Waamini waliamua kujenga jipya. Mchoraji alitafutwa, akachora ramani, nayo ilikuwa ramani safi: karatasi kubwa 4, zenye sura ya mbele, sura ya ubavuni, mkato wa jengo na mpangilio wa sakafu. Zilibandikwa ukutani, zikaelezwa moja baada ya nyingine. Watu walisikiliza kwa heshima. Tulipouliza kama kuna swali, hapakuwa na swali. Katika mikutano yetu ukimya wa namna hiyo huandikwa katika kitabu cha kumbukumbu kwa maneno yale yale siku zote: "Wajumbe wote waliridhia." Lakini je, mtu anaweza kuridhia jambo ambalo hakulielewa?

Ramani ni lugha. Ina sarufi yake: mistari miwili iliyokaribiana ni ukuta, mstari wa vitone ni kitu kilicho juu ya kichwa, robo ya duara ni mlango na upande unaofungukia. Aliyefundishwa lugha hiyo huingia ndani ya karatasi na kutembea humo. Asiyefundishwa huona mistari. Wazee wetu na akina mama wetu si watu wasiojua majengo; wengi wao wamejenga nyumba zao kwa mikono yao, na wanajua maji yatapita wapi kabla ya mvua ya kwanza. Walichokosa ni lugha ya karatasi tu. Na kwa kuikosa lugha hiyo, watu waliobeba mchanga walikuwa wameachwa nje ya mazungumzo juu ya kanisa lao wenyewe.

Ndipo vijana wa kigango walipoleta shauri la kutengeneza kielelezo, yaani jengo dogo lenye vipimo vya jengo kubwa, ambalo mafundi wa mjini huliita modeli. Shauri hilo halikutoka hewani. Jirani zetu wa Maswa walikwisha kuonyesha njia. Katika muongo wa 2010 kikundi cha vijana wilayani humo kilianza kutengeneza chaki za shule, na chaki za Maswa zikajulikana nje ya mkoa, kama Meatu ilivyojulikana kwa maziwa yake. Chaki ya namna hiyo si kitu cha kuchonga. Ni kitu cha kusubu: unga wa jasi huchanganywa na maji, uji wake humiminwa katika kalibu yenye matundu mengi, ukishaganda chaki hutolewa na kuanikwa. Kwa hiyo mtoto wa darasa la kwanza anayeshika chaki ameshika tayari kazi ya kalibu. Wawili kati ya vijana wetu walikuwa wamejifunza kazi hiyo, na mmoja amekuwa msaidizi wa fundi wa dari za jipsamu pale Bariadi mjini. Jipsamu ya mafundi wa dari na jasi ya chaki ni kitu kimoja chenye majina mawili.

Inafaa tuieleze jasi kidogo. Ni mwamba laini unaochimbwa hapa nchini kwetu, kule Itigi mkoani Singida, Makanya mkoani Kilimanjaro, na Kilwa mkoani Lindi. Ukisagwa na kuchomwa kwa joto la nyuzi 150 hivi za Selsiasi, hupoteza robo tatu ya maji yaliyofungwa ndani yake na kuwa unga mweupe. Ukiurudishia maji, unga huyanywa, hupata joto, na baada ya dakika chache huwa jiwe tena. Wakati wa kuganda hutanuka kidogo sana, na ndiyo maana hujaza kila mchirizi wa kalibu. Udongo wa mfinyanzi hufanya kinyume: hunywea ukikauka, na udongo wetu mweusi wa mbugani hunywea hata kupasuka. Vijana waliujaribu kwanza kwa sababu ni wa bure, wakauacha baada ya siku 2.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuchagua skeli. Kanisa lililochorwa lina urefu wa meta 20 na upana wa meta 12. Kwa skeli ya 1:100 lingekuwa na urefu wa sentimeta 20, dogo na rahisi kubeba. Lakini ukuta wa sentimeta 23 ungekuwa na unene wa milimeta 2 na kidogo, na jasi nyembamba hivyo huvunjika inapotolewa katika kalibu. Kwa skeli ya 1:50 urefu unakuwa sentimeta 40, upana sentimeta 24, na ukuta unafikia karibu milimeta 5. Basi ikachaguliwa 1:50. Mtu mzima wa kimo cha meta 1 na sentimeta 70 anakuwa sentimeta 3 na nusu hivi, pungufu kidogo ya njiti ya kiberiti. Vijana wakakata njiti nyingi kwa kipimo hicho, nazo zikawa waamini.

Kalibu zilitengenezwa kwa mbao, kila ukuta na kalibu yake, zikilazwa mezani kama fremu ya kufyatulia matofali. Palipotakiwa dirisha pakawekwa kipande cha mti chenye umbo la dirisha, kimechongwa kiwe chembamba kidogo upande wa juu. Mteremko huo mdogo ndio siri ya kazi yote, kwa maana kitu kilicho kipana ndani na chembamba mdomoni hakitoki. Utavunja kalibu au utavunja ulichokisubu. Kwa paa, walitandaza udongo laini wa kichuguu katika sanduku, wakapitisha chanuo juu yake kwa mkono uliotulia, na ile michirizi ikawa mikunjo ya bati. Kila kalibu ya mbao ilipakwa sabuni ya maji, kisha mafuta ya pamba kwa kitambaa, ili jasi isishike. Tulifurahi kuona mafuta ya pamba yakipata kazi ambayo hatukuwa tumeifikiria.

Kuchanganya nako kuna adabu yake. Unga huingizwa katika maji. Maji hayamiminwi juu ya unga. Hunyunyizwa polepole kwa mkono hadi kichuguu kidogo cha unga kisimame juu ya maji bila kuzama, halafu huachwa unywe kwa muda mfupi, kisha hukorogwa taratibu, kwa sababu anayekoroga kwa haraka huingiza hewa, na hewa huacha matundu. Uji ukishamiminwa, meza hugongwagongwa pembeni ili mapovu yapande. Baada ya hapo hakuna la kufanya ila kungoja. Ukiweka kiganja juu utasikia joto likipanda. Likianza kushuka, ukuta uko tayari kutolewa. Tunawasihi walimu na wazazi watakaojaribu kazi hii jambo moja: mtoto asizamishe kamwe mkono katika jasi inayoganda. Kipande kinene hutoa joto la kuunguza vibaya. Mwaka 2007 msichana wa shule nchini Uingereza alipoteza karibu vidole vyake vyote kwa njia hiyo. Wala mabaki yasimwagwe katika bomba la maji machafu, maana yatakuwa jiwe humo humo.

Lipo jambo la hesabu lililotushangaza. Kwa skeli ya 1:50, urefu hupungua mara 50, lakini ujazo hupungua mara 50 kwa 50 kwa 50, yaani mara 125,000. Tofali na udongo wa kujaza meta moja ya ujazo, mzigo wa kuchosha punda, katika kielelezo ni sentimeta 8 za ujazo, ambazo hazijazi vijiko 2 vya chai. Ndiyo maana kanisa zima lilitoka katika ndoo moja ya jasi. Lakini hesabu hiyo hiyo ina onyo. Mwaka 1638, katika kitabu chake kilichochapwa mjini Leiden, Galileo alieleza kwamba kitu kikikuzwa, uzito wake huongezeka upesi kuliko nguvu za mihimili yake. Kwa hiyo kielelezo kikisimama mezani hakithibitishi kwamba jengo litasimama kiwanjani. Kielelezo kinaonyesha nafasi, mwanga, milango na njia. Habari ya msingi, nondo na kenchi za paa ni ya mhandisi, na hakuna kura ya mkutano inayoweza kuchukua nafasi yake. Tulilisema jambo hilo waziwazi mbele ya watu kabla kielelezo hakijafunuliwa.

Kuta ziliunganishwa kwa uji wa jasi, paa likaachwa lifunuke kama kifuniko cha sufuria, na Dominika moja baada ya ibada kielelezo kikawekwa juu ya meza chini ya mti. Safari hii hapakuwa na ukimya. Watu waliinama, wakafumba jicho moja na kuchungulia madirishani, wakafunua paa na kulirudisha. Watoto walitaka kujua ni njiti gani ni katekista.

Aliyesema neno la kwanza lenye uzito alikuwa mama mmoja mzee, ambaye kila mtu hapo humwita Mayu. Aliuliza mlango mkubwa ni upi. Akaonyeshwa. Akachukua boksi la kiberiti lililokuwa limebaki mezani, akalishika kwa vidole viwili, akajaribu kuliingiza mlangoni. Halikuingia.

"Ng'wanone," alimwambia kijana aliyekuwa karibu, "hili ni jeneza na wanaolibeba. Mnatuingizia wapi?"

Vijana walipima. Boksi la kiberiti lina urefu wa sentimeta 5 na upana wa sentimeta 3 na nusu hivi. Kwa skeli ya 1:50 hiyo ni meta 2 na nusu kwa meta 1 na robo tatu, na kwa hakika ndiyo nafasi ambayo jeneza huihitaji likiwa na watu watatu kila upande. Mlango uliochorwa ulikuwa wa meta 1 na sentimeta 20. Kipimo hicho kilikuwa kimeandikwa katika karatasi tangu mwanzo, kwa tarakimu zinazosomeka, na sisi sote tulikuwa tumekiona. Hakuna aliyekuwa amekiona kama Mayu alivyokiona, kwa sababu yeye hakuuliza mlango una meta ngapi. Aliuliza siku yake ya mwisho atapita wapi.

Baada ya hapo maneno hayakukatika. Akina mama wa WAWATA walipanga njiti nyuma ya kanisa, mahali wanapokaa wenye watoto wachanga, wakaonyesha kwamba mtoto akilia, mama yake hana pa kutokea bila kukatisha mbele ya watu wote. Wakaomba mlango wa ubavuni. Waimbaji walipanga njiti zao, wakaona kwamba maandamano ya vipaji, ambayo kwetu huenda kwa kucheza, yatabanwa kati ya nguzo na mabenchi. Mwenyekiti wa jumuiya moja aliuliza maji ya paa yataangukia wapi. Swali hilo ni zito katika mkoa wenye ukame kama wetu. Milimeta 1 ya mvua juu ya meta 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la meta 20 kwa 12 likipata mvua ya milimeta 20 linakusanya lita 4,800, ukiacha zinazopotea njiani. Katika ramani hapakuwa na mahali pa simtanki.

Neno zito kuliko yote lilihusu jua. Mchoraji alikuwa ameligeuza jengo ili uso wake utazame barabara, kama wengi wapendavyo. Kwa hiyo kuta ndefu zenye madirisha zilitazama mashariki na magharibi. Fundi mmoja wa uashi, mtu wa maneno machache, alishauri kielelezo kipelekwe kiwanjani penyewe. Kikabebwa, kikageuzwa kwa dira ya simu hadi kikakaa vile vile jengo litakavyokaa. Uzuri wa kielelezo ni kwamba jua halijui skeli: kivuli kinachoanguka ndani ya jengo dogo ndicho kitakachoanguka ndani ya jengo kubwa siku hiyo na saa hiyo. Saa tatu asubuhi mwanga mkali ulipita madirisha ya mashariki na kuzifikia njiti zilizokaa upande huo. Saa kumi na moja jioni, wakati wa mafundisho ya watoto, ulipita madirisha ya magharibi na kufanya vivyo hivyo upande wa pili. Kisha kielelezo kikageuzwa robo, kuta ndefu zikatazama kaskazini na kusini. Bariadi iko chini kidogo ya nyuzi 3 kusini mwa Ikweta, na jua letu la mchana hupita karibu na utosi mwaka mzima. Hivyo kuta zilizotazama kaskazini na kusini zilikingwa na upenu wa paa, na njiti zote zikakaa kivulini.

Hapo yalizuka mabishano, nasi hatutayaficha. Baadhi ya wajumbe walisema ramani imekwisha kulipiwa, na kuibadili ni kutupa fedha za watu. Wengine walisema kanisa lisilotazama barabara litaonekana limewapa wapita njia mgongo. Mzee mmoja aliwajibu kwamba anayepita barabarani hupita, lakini anayeketi ndani ataketi saa mbili kila Dominika. Mchoraji mwenyewe aliitwa, akaja na pikipiki. Tulihofu kwamba angeudhika. Alikizunguka kielelezo mara mbili, akaomba boksi la kiberiti, akalipitisha mlangoni kama Mayu alivyofanya, kisha akacheka na kusema kwamba kufuta mstari ni kazi ya jioni moja, bali kufuta ukuta ni kazi ya msimu mzima wa pamba. Alichora upya.

Kulikuwa pia na neno lililosemwa kwa sauti ya chini, ambalo mchungaji yeyote wa nchi hii angelisikia. Mzee mmoja alitusogelea pembeni akauliza: "Baba, nyumba ndogo namna hii, ni ya nani?" Tulielewa kilichomsumbua. Tangu zamani Wasukuma wamejua vijumba vidogo vinavyojengwa kiamboni kwa heshima ya masamva, yaani roho za wazee waliotangulia. Katika nchi ambayo nyumba ndogo haijawa kitu cha kuchezea, swali lake lilikuwa swali la mtu mwenye akili. Tulimjibu kwamba nyumba hii ni ya wale walio hai watakaoijenga na wale watakaozaliwa ndani ya ndoa zitakazofungwa humo, na kwamba haingojei sadaka bali maoni. Alifikiri kidogo, kisha akarudi mezani na kuchungulia dirishani kama wenzake.

Kwa hakika historia ya Kanisa katika Usukuma imekwisha kugusa jambo hili. Anayesafiri kutoka Bariadi kwenda Mwanza hupita Lamadi na Magu, na kabla ya kuingia mjini hufika Kisesa, karibu na Bujora. Hapo ndipo Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alipoanza katika miaka ya 1950 kujenga kanisa na makumbusho ya Wasukuma. Kanisa lake ni la duara, kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma, na tabenakulo yake ina umbo la nyumba. Na jengo linalohifadhi ngoma za watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Tazama jinsi kipimo kilivyochezewa pande zote mbili: nyumba imepunguzwa hadi ikaenea juu ya altare, na kiti kimekuzwa hadi watu wakaingia ndani yake. Msukuma anayeingia Bujora hahitaji kufundishwa kusoma ramani. Maumbo yanasema naye kwa lugha aliyozaliwa nayo.

Wapo pia watu wa mbali waliotegemea jasi kusema kile ambacho barua haikuweza. Thomas Jefferson, alipokuwa balozi wa Marekani nchini Ufaransa, aliombwa ushauri juu ya jengo la baraza la kutunga sheria la Virginia mjini Richmond. Huko walikuwa wamekwisha kuanza msingi kwa mpango mwingine. Jefferson akamwagiza fundi wa Paris, Jean-Pierre Fouquet, atengeneze kielelezo cha jasi, nacho kikavushwa bahari mwaka 1786. Kielelezo kile kilibeba nia ya mtu mmoja kwenda kwa wajenzi wengi. Chetu kilifanya safari ya upande wa pili, kikabeba maneno ya wengi kwenda kwa mchoraji mmoja.

Habari ya pili ni ya Barcelona. Antoni Gaudí, msanifu wa kanisa la Sagrada Família, alipenda kufikiri kwa jasi kuliko kwa karatasi, na alipofariki mwaka 1926 aliacha vielelezo vikubwa karakanani. Julai 1936, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza nchini Hispania, karakana ilivamiwa, michoro ikachomwa moto na vielelezo vikavunjwavunjwa. Wanafunzi wake waliokota vipande, na kwa miaka mingi wasanifu waliomfuata walivipima na kuviunganisha ili kujua alikusudia nini. Papa Benedikto wa 16 alilibariki kanisa hilo Novemba 2010. Jasi iliyovunjika bado ilisema, ambapo karatasi iliyoungua ilinyamaza.

Habari hiyo iliwafundisha vijana wetu jambo la busara. Faida ya kalibu ni kwamba haizai mara moja. Anayechonga hupata kimoja. Mwenye kalibu huweza kusubu tena na tena kwa gharama ya unga tu. Leo mijini vielelezo hutengenezwa kwa kompyuta na mashine zinazochapa plastiki tabaka kwa tabaka, na ni kazi nzuri, lakini kwa kigango chenye mfuko mmoja wa jipsamu kalibu ya mbao inatosha. Walirekebisha kalibu mbili, ya ukuta wa mbele na ya ubavuni, wakapanua mlango hadi meta 2, wakaongeza mlango wa akina mama, kisha wakasubu vielelezo 6 vya ramani mpya, kimoja kwa kila jumuiya ndogondogo. Sasa vinazunguka nyumba kwa nyumba pamoja na sala za jumuiya. Kimoja kimevunjika pembe ya paa kwa sababu ya mbuzi, kikaunganishwa. Na jambo tuliloliona ni hili: michango imeanza kuja na maswali. Mtu huleta kilo zake za pamba na kuuliza zitafika dirisha la ngapi.

Hatusemi kwamba kielelezo ni kitu kitakatifu au kwamba hakiwezi kudanganya. Jasi ni nyeupe na safi. Huficha gharama, huficha miaka, na haionyeshi nani atafagia. Kielelezo kikitengenezwa baada ya mambo kuamuliwa, na kuwekwa ndani ya kioo ili watu wakipigie makofi, kitakuwa ni pambo tu. Thamani yake hutegemea kama paa linafunuka, kama yeyote anaruhusiwa kuweka njiti yake, na kama kalibu bado inaweza kubadilishwa.

Kwa hiyo tunawashauri wenzetu wa vigango vingine, walimu wakuu wenye maboma ya madarasa yanayongoja kumaliziwa, na kamati za zahanati: kabla ya kuchimba msingi, tengenezeni jengo dogo. Itahitajika mbao chache, unga wa jasi, mafuta ya pamba, na vijana wenye subira. Wekeni mezani boksi la kiberiti. Kisha waiteni wale ambao kwa kawaida hukaa kimya mikutanoni, waketi wao kwanza, na mwandishi wa kumbukumbu aweke kalamu chini mpaka wamalize.

Msingi wa kanisa letu utachimbwa baada ya mauzo ya pamba, Mungu akipenda. Vijana wameombwa na shule jirani wawasaidie kutengeneza kielelezo cha bweni la wasichana, na wamekwisha kuanza kupima.